Sekunde 56 za Ituri, dakika tano za korongo

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya angani, Voyager 1 na Voyager 2, na kila kimoja wakakifungia santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ndani yake mna vipande 27 vya muziki wa dunia. Cha nne ni wimbo wa wasichana wa msitu wa Ituri. Cha tisa ni filimbi ya Kijapani inayosimulia korongo na makinda yake.

Mei ndiyo mwezi wa kuvisikiliza vyote viwili kwa pamoja. Jumapili ya pili ya mwezi huu Wajapani huwaadhimisha mama zao, na huku kwetu Ituri, ukishapita Mambasa kuelekea Epulu, ndio majira ambayo asali ya nyuki wa porini huanza kuwatoa Wambuti, wenyeji wa msitu huo, kambini. Vipande hivi viwili vinamheshimu mama, lakini ukitafuta heshima hiyo kwenye maneno hutaipata. Imo katika namna sauti zilivyopangwa.

Wimbo wa Ituri ulinaswa miaka ya 1950 na Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti pande za Epulu na kuandika *The Forest People* mwaka 1961. Ni wimbo wa elima. Msichana anapopata hedhi ya kwanza, kambi hufurahi. Yeye na rafiki zake huingia katika nyumba ya elima, wakae chini ya mwanamke mzee anayeheshimika, awafundishe kazi ya kuwa mke na mama. Sehemu kubwa ya somo hilo ni nyimbo za wanawake wazima. Kwa hiyo msichana haambiwi kwanza awe mama ndipo aimbe. Hujifunza kuimba kama mama kabla hajabeba mimba, na ufundi wa wimbo ndio mtaala.

Ufundi wenyewe uko hivi. Katika korali zetu za Bunia tumezoea soprano, alto, tenor na besi, kila kundi na mstari wake mzima, na maneno yanayosikika hadi mlango wa kanisa. Wambuti hawaufuati mpango huo. Mwimbaji mmoja hutoa noti moja au mbili kisha hunyamaza. Mwenzake huingia katika nafasi ileile aliyoiacha, naye hunyamaza, wa tatu akaingia. Melodia unayoisikia haimo kinywani mwa mtu yeyote, inazaliwa katikati yao. Ni kama wanawake watatu wanaotwanga sombe katika kinu kimoja: kila mchi una zamu yake, na mdundo ni wa wote.

Juu ya mpango huo huongezwa mruko wa sauti. Msichana huanzia sauti nzito ya kifuani na kuruka ghafla hadi sauti nyembamba ya kichwani, bila kupita ngazi za katikati. Mruko huo una kazi yake. Pale ambapo sauti kumi zinafanana na zinapishana kwa kasi, sauti iliyoruka juu hujitenga na sikio huikamata, kisha hushuka na kuungana tena na wenzake. Maneno huwa machache, mara nyingi ni vokali tupu, kwa kuwa konsonanti zingekata mtiririko. Na wimbo hauna mwisho uliopangwa: ni mzunguko mfupi unaorudiwa, na kila marudio mtu fulani hubadilisha kidogo sehemu yake, akijua wengine watamshika.

Mpango huu hauwezi kusimama mtu akitaka kung'aa peke yake. Anayeshikilia noti muda mrefu mno humziba anayefuata. Anayechelewa huacha shimo. Msichana aliyekaa wiki kadhaa katika elima amefundishwa kusikiliza kabla ya kutoa sauti, na kuacha nafasi kwa aliye dhaifu kuliko yeye. Mimi sijui maelezo bora zaidi ya kazi ya mama.

Majira ya asali nayo yana muziki wake. Turnbull alisimulia ngoma ambamo wanaume hucheza kwa mstari mrefu wakijifanya wanatafuta mizinga, na wanawake, ambao ni nyuki, huwazunguka na kuwagonga kwa vijinga vya moto hadi cheche ziwaume. Mwenye asali, katika mchezo huo, ni mwanamke.

Kuna wimbo mmoja tu unaoikwepa kanuni ya sauti nyingi. Katika *The Human Cycle* (1983) Turnbull aliandika kwamba mama mjamzito wa Kimbuti humtungia mtoto aliye tumboni wimbo wake mwenyewe, usioimbiwa mtoto mwingine na usioimbwa na mtu mwingine. Hapo sauti ni moja kwa sababu msikilizaji ni mmoja.

Sauti moja ndiyo njia ya Wajapani pia, katika kipande cha tisa. Kinaitwa *Tsuru no Sugomori*, yaani korongo kiotani, na mpigaji ni Goro Yamaguchi. Ala ni shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye urefu wa sentimita 54 hivi na matundu matano tu: manne mbele, moja nyuma. Matundu matano ni machache, basi kazi kubwa hufanywa na pumzi na shingo. Mpigaji akiinamisha kichwa, noti hushuka na kufifia; akikiinua, hupanda na kung'aa. Vidole viwili vikipokezana haraka juu ya matundu ya chini, hutoka mlio unaobingirika. Akitetemesha koo au ulimi, pumzi hupasuka vipande vidogo, na hapo unasikia mabawa.

Katika mapokeo ya Kijapani korongo ni mfano wa mzazi: usiku wa baridi huwafunika makinda kwa mabawa yake. Kipande hiki hufuata maisha ya kiota, tangu kujengwa hadi makinda kukua na kuruka zao. Yamaguchi hataji hata moja la hayo. Huacha ukimya mrefu kati ya pumzi na pumzi, na ukimya huo unafanya kazi ileile inayofanywa na nafasi ambayo msichana wa elima humwachia mwenzake. Kwa Yamaguchi nafasi ni ya msikilizaji, kwa wasichana wa Ituri ni ya mwimbaji mwingine. Hapo ndipo njia zinapotengana.

Sasa hesabu. Korongo alipewa dakika 4 na sekunde 51. Chuck Berry, Mmarekani wa rock and roll aliyemo katika santuri hiyohiyo, alipewa dakika 2 na sekunde 38. Wasichana wa Ituri walipewa sekunde 56. Naliona hilo kuwa kosa la kiufundi, mbali na kuwa dharau. Wimbo wa mzunguko hujifunua kwa kurudiwa: mzunguko wa kwanza sikio linatafuta melodia, wa pili linagundua haina mwenyewe, na ni baadaye tu linaanza kusikia mabadiliko madogo. Kwa sekunde 56 msikilizaji amefika mlangoni.

Wajapani wenyewe wameisikiliza Ituri kwa subira kubwa. Wanazuoni wa Kyoto walifika msituni humu tangu miaka ya 1970. Mitsuo Ichikawa aliandika juu ya asali na Wambuti mwaka 1981, na mwaka 1990 Masato Sawada alichapisha uchambuzi wa kwaya za Waefe, watu wengine wa msitu huohuo, akiuliza katika kichwa cha makala yake kwa nini wanapenda kuimba.

Yamaguchi tunamjua kwa jina. Nchi yake ilimtangaza Hazina Hai ya Taifa mwaka 1992, akafariki 1999. Wasichana wetu wameandikwa kwa kabila la kubandikwa na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, basi. Aliyekuwa na miaka kumi na mitatu wimbo uliponaswa, kama yu hai, sasa amekaribia tisini. Wapo vijana wa Radio Candip na wa chuo cha ualimu cha ISP Bunia wenye vinasa sauti na wanaoifahamu barabara ya Komanda. Usalama ukiruhusu, waende Epulu na sekunde hizo 56 katika simu, wawachezee mabibi, waulize ni sauti ya nani inayoruka juu.