Songo Songo: visima vya zamani, gesi ya leo

Muulize mama lishe pale Mwaloni, Kirumba, gesi ya mtungi wake imetoka wapi. Huenda akakujibu, "Si hii yetu ya kule kusini!" Siyo. Ya mtungi huja kwa meli kutoka ng'ambo. Ya kusini ni methani, na sisi wa Mwanza inatufikia ikiwa imeshageuka umeme, imechanganyika kwenye gridi na ule wa mabwawa ya Mtera na Kidatu.

AGIP ya Italia iligundua gesi kisiwani Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Walichotafuta kilikuwa mafuta, na gesi isiyo na mnunuzi haikuwalipa, wakaondoka. TPDC, shirika la taifa la mafuta, ikaendelea kuchoronga hadi 1983. Ukaja mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa, nao ukafa. Kilichoiamsha gesi ni ukame wa miaka ya 1990, Mtera ilipokauka na mgawo wa umeme ukatuzoesha mishumaa. Mikataba ya Songas, kampuni ya kufua umeme kwa gesi hiyo, ikakamilika 2001, na Julai 2004 gesi ikapita kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha 207 nchi kavu hadi Ubungo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: siku hiyo gesi ilitoka kwenye visima vitano vilivyochorongwa kati ya 1976 na 1983. Vilikuwa vimekaa zaidi ya miaka ishirini vikisubiri mteja. Akiba nzuri, lakini chuma kina umri wake. Gesi inapopanda hubeba unyevu na kabonidayoksaidi kidogo. Vikikutana ndani ya bomba huwa tindikali hafifu, nayo hula taratibu. Baada ya miaka michache ya uzalishaji, baadhi ya visima vikalazimika kufungwa kwa kutu.

Kukarabati kisima cha namna hiyo ni kazi ya roho mkononi. Kwanza unakijaza kimiminika kizito ili gesi isipande. Ndipo unalitoa bomba la ndani, kipande baada ya kipande, na kushusha jipya. Vile vya baharini vinahitaji mtambo wa kuchorongea unaosimama majini, na Tanzania haina wake. Ulipokuja wa kukodi, 2015, ulifufua visima vya SS-5 na SS-9, ukachoronga na kipya, SS-12. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ilistahili sherehe kuliko uzinduzi wowote, ila bomba lililobadilishwa halina utepe wa kukata.

Tatizo la pili halitokani na kutu. Mvuvi wa dagaa aliyewahi kutumia karabai anajua: mgandamizo ukishuka, mwanga unafifia hata kama mafuta yamo, na dawa yake ni kupampu. Mwamba wa Songo Songo nao umechoka kusukuma. Gesi bado ipo, lakini haiingii bombani kwa nguvu zake zenyewe kama mwanzo. Ndiyo maana mwaka 2022 zilianza kazi kompresa kisiwani, kuifanyia kazi ambayo mwamba uliifanya bure tangu 2004.

Tatizo la tatu ni la muda. Mkataba wa Songas wa kuiuzia TANESCO umeme ulifikia mwisho 2024. Leseni ya kitalu chenyewe, ya miaka 25, ilitolewa Oktoba 2001 na ukomo wake ni Oktoba 2026. Na mwenye leseni inayokaribia ukingoni huwa mzito kukodi mtambo mwingine wa kuchorongea.