Huruma Isiyo na Kitenzi: Uhakiki wa Mchezo wa Video wa Warp

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumpima mhusika kwa asemayo na atendayo. Mchezo wa video unautatiza utaratibu huo, kwa kuwa vitendo vya shujaa huchaguliwa na mchezaji, lakini kutoka katika orodha iliyokwisha kuandaliwa na watunzi. Makala haya yanaichunguza orodha hiyo katika mchezo wa Warp, na yanadai kwamba msimamo wa kimaadili wa mchezo hudhihirika zaidi katika vitenzi vyake kuliko katika kisa chake.

Warp ulitungwa na studio ya Trapdoor ya Montreal, Kanada, na kutolewa na Electronic Arts mwaka 2012 kwa njia ya kupakuliwa. Shujaa wake, Zero, ni kiumbe mdogo kutoka sayari nyingine aliyekamatwa na binadamu na kufungiwa katika maabara iliyo chini ya bahari. Risasi moja humwua, na akilowa maji nguvu zake humtoka. Kwa hiyo hulazimika kunyata, kujificha na kufumbua fumbo la kila chumba. Uwezo wake mkuu ni kutoweka hapa na kutokea pale: hupenya ukuta, huingia ndani ya pipa, hata ndani ya mwili wa mtu. Akiwa humo, anaweza kukipasua alichokiingia. Baadaye hupata pia uwezo wa kutoa kivuli chake ili kuwahadaa walinzi.

Kwa msomaji wa ngano, umbo hili linafahamika: mdogo anawashinda wakubwa kwa ujanja, kama Sungura. Hata hivyo, Sungura hushinda kwa ulimi. Husifu, huahidi, hudanganya, na anayedanganywa hupewa nafasi ya kujibu. Zero hana neno la kumwambia mlinzi. Ujanja uliokuwa wa maneno umegeuka kuwa wa miili, na binadamu aliye mbele yake ni ama kizuizi ama maficho.

Inaweza kutolewa hoja kwamba mchezo hautoi hukumu, kwa kuwa unamruhusu mchezaji kuwaacha watu hai. Hoja hiyo ina uzito, maana kupita bila kudhuru hudai subira na mpango. Lakini katika sarufi ya mchezo huu, kuua kuna kitenzi: kuna kitendo cha mkono, mlio, na damu inayotapakaa. Kuhurumia hakuna kitenzi. Kuna ukanushi tu, yaani kutopasua. Huruma imebaki kuwa pengo ambalo mchezaji hulijaza kwa dhamiri yake, bila mchezo kulipa sauti.

Ulinganisho na Oddworld: Abe's Oddysee, uliotungwa na Oddworld Inhabitants ya Marekani na kutolewa mwaka 1997, unaidhihirisha tofauti. Abe naye ni kiumbe wa ulimwengu mwingine, ni dhaifu, na hunyata katika kiwanda cha nyama ambamo jamaa zake ni watumwa. Yeye pia si mpole kikamilifu: huingia katika akili ya mlinzi, kisha humlipua. Hata hivyo, Abe amepewa usemi. Kwa vitufe maalumu mchezaji humfanya asalimie, aite, aamuru kusubiri, na watumwa humwitikia. Wapo 99 wa kuokolewa, na mchezaji asiyefikisha 50 hukutana na mwisho mchungu. Hapa uokozi ni kitendo kinachotamkwa, kinachojibiwa na kuhesabiwa.

Uhakiki unaoishia kwenye dhamira ungeziweka kazi hizi mbili katika fungu moja: mnyonge anajikomboa. Kwa kisa, hukumu hiyo ni sahihi. Kwa vitenzi, Abe hujikomboa pamoja na wengine, ilhali Zero hupita katikati ya wengine. Warp ni fumbo lililosukwa kwa ustadi, na udhaifu wa shujaa wake huipa kila hatua taharuki ya kweli. Kasoro yake ni kumwachia mchezaji uamuzi wa kimaadili huku ukimnyima lugha ya kuutekelezea. Mhakiki wa Kiswahili anayeukabili utanzu huu hana budi kuanza kwa kuorodhesha vitenzi alivyopewa shujaa, kisha aulize ni vipi alivyonyimwa.