Arbuni ya Kiyama: Maangamizi Yanayoonyeshwa Kabla ya Wakati Wake katika Hadithi

Katika biashara, mnunuzi ambaye hana bei yote mkononi hutoa arbuni, yaani sehemu ndogo ya fedha, ili mapatano yafunge. Watungaji wa hadithi zihusuzo mwisho wa dunia wana desturi inayofanana na hiyo. Kabla maangamizi hayajafika, humtolea msomaji kipande chake: ndoto, safari ya wakati ujao, au mji mmoja uliokwisha kufa. Husemwa kwamba kazi ya kipande hicho ni kutia hofu. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa hofu hupoa upesi, na dunia nzima ni kitu kikubwa mno kupendwa na moyo wa mtu mmoja. Yafaa basi kuuliza ni arbuni ya namna gani imfungayo msomaji, na ni ipi impitayo kama radi ya mbali.

Mfano wa kwanza ni kitabu cha H. G. Wells kiitwacho "The Time Machine", kilichotolewa mwaka 1895. Msafiri wake hufika kwanza mwaka 802,701. Baadaye huiendesha mashine yake mbele zaidi ya miaka milioni 30, akakuta jua kubwa jekundu, ufuko mtupu, baridi, theluji na kimya. Mandhari hiyo ina nguvu, walakini haina mtu wa kufa wala wa kufiwa; kwa sababu hiyo msomaji hustaajabu kuliko anavyohuzunika. Wells hakuikomesha hadithi hapo ufukoni. Alimrudisha msafiri kwa rafiki zake, na mwishoni akamwachia msimulizi maua mawili meupe yaliyonyauka, zawadi ya Weena, yule kiumbe dhaifu ambaye msafiri alimwokoa asizame mtoni. Maua hayo yana uzito kuliko ile miaka yote, maana yalitoka katika mkono uliopenda.

Nevil Shute, katika "On the Beach" ya mwaka 1957, aliijenga hadithi nzima juu ya jambo hilo. Vita vya atomiki vimekwisha kuua nusu ya kaskazini ya dunia, na vumbi lenye sumu linateremka polepole kuelekea Melbourne, Australia. Hapana awezaye kulizuia. Katikati ya hadithi nyambizi ya Kimarekani yatumwa kaskazini kuchunguza ishara za redio zitokazo karibu na Seattle, huenda pana mtu aliye hai. Yaonekana kuwa ni fremu ya dirisha inayosukumwa na upepo, ikigonga chombo cha kupelekea habari. Hapo ndipo arbuni inapotolewa. Miji inayotazamwa kutoka nyambizini haikubomoka. Nyumba zimesimama, watu hawamo. Baharia mmoja, aonapo mji alikozaliwa, atoroka chomboni na kuogelea hadi pwani. Na mara ya mwisho wenzake kumwona, yumo mashuani akivua samaki. Msomaji sasa ajua Melbourne itakuwaje, na ajua kwa kipimo cha mtu mmoja na mshipi wake.

Tangu hapo kila jambo dogo la nyumbani huongezeka thamani. Mume na mke wapanda bustani ambayo hawatauona uzuri wake. Nahodha Dwight Towers anunua zawadi za mkewe na watoto, ambao bila shaka wamekwisha kufa Marekani. Endapo Shute angaliwaonyesha hao kabla ya safari ya kaskazini tu, wangalikuwa watu wa kawaida; endapo angalionyesha miji mitupu pasipo wao, ingalikuwa habari ya gazeti. Nguvu imetokana na kuvikutanisha viwili hivyo. Tena kwa kuwa maangamizi hayazuiliki, swali la hadithi si kama watu watapona, ni kama watakufa na heshima yao.

Mahali ambapo maangamizi yaweza kuzuiliwa, arbuni hudai jambo jingine: hudai tendo. Sinema ya James Cameron, "Terminator 2", iliyotolewa mwaka 1991, yamwonyesha Sarah Connor akiota. Amesimama nje ya uzio wa kiwanja cha watoto, apiga kelele zisizosikika, kisha moto wa bomu wafunika wote. Aamkapo achukua silaha na kwenda kumwua Miles Dyson, fundi ambaye kazi yake itazaa mashine za vita. Amfikia nyumbani kwake, mbele ya mke na mtoto, na mkono wake washindwa kumaliza. Hapa ubora wa ndoto ile wadhihirika. Aliyeota watoto wakiungua amekaribia kumfanya mtoto mmoja yatima kwa ajili yao. Kwa hiyo kilichowekwa rehani si dunia peke yake. Utu wa huyo anayetaka kuiokoa umo pia. Sinema hiyo iliitaja siku ya maangamizi kuwa tarehe 29 Agosti 1997. Siku hiyo ilipita kwa amani, na ndoto ile bado yagusa. Hivyo kuipima arbuni kwa ukweli wa utabiri wake ni kuipima kwa kipimo kisicho chake.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kuhesabu ufundi huu kuwa mgeni. "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni utenzi wa mawaidha, si hadithi ya kubuni, lakini mpango wake ni huo huo. Kabla ya kuusomea moyo wake habari za Kiyama na jahanamu, mshairi auonyesha majumba ya Pate: taa na vyombo vya fahari vilivyokuwamo, na ndege na wadudu waliorithi vyumba. Magofu hayo ni arbuni iliyokwisha kulipwa. Kiyama hakijaonwa na mtu, bali kidaka kilichokaliwa na ndege chaweza kuonwa na kila apitaye.

Katika mifano yote minne, arbuni ifungayo ni ndogo, na hulipwa kwa sarafu ambayo msomaji aijua: ua, mshipi, mtoto mchezoni, kidaka cha ukuta. Hubakia deni juu ya mtungaji. Akiyaonyesha maangamizi mwanzoni, kisha akayaondoa mwishoni kwa muujiza ambao hakuna aliyeulipia, amekula arbuni ya watu, na mara ya pili msomaji hatafanya naye biashara.