Rubi ya Sentimita Mbili

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo: rubi ya waridi iliyokuzwa kiwandani, urefu wake kama sentimita 2, unene kama sentimita 1. Kwa leza yake, Theodore Maiman alihitaji kwanza ncha zake. Zote mbili zilisuguliwa mpaka zikawa bapa na sambamba, kisha zikapakwa fedha. Ncha moja iliachiwa tundu dogo katikati, mlango wa mwanga kutokea.

Ikafuata taa. Alichagua taa ya mmweko ya wapiga picha, ambayo bomba lake limezungushwa kama springi. Rubi ikakaa katikati ya mizunguko hiyo; vyote vikaingizwa ndani ya mcheduara wa alumini uliong'arishwa, mwanga usipotee bure.

Ndani ya rubi, kazi ni ya atomi za kromiamu. Mmweko ukiwaka, atomi hizo humeza mwanga wa kijani na wa buluu, hupanda ngazi, kisha hushukia kipago ambapo hukawia takriban milisekunde 3. Kwa atomi, huko ni kungoja sana. Fotoni nyekundu, yaani chembe ya mwanga, ikipita hapo, huamsha pacha wake: rangi ile ile, uelekeo ule ule, mawimbi yakipanda na kushuka pamoja. Zinazokwenda mshazari hutokea ubavuni zikapotea. Zinazofuata mhimili hurudishwa na fedha, huku na huko, zikiongezeka. Ndiyo faida ya kusugua kule.

Tarehe 16 Mei 1960, Malibu, Marekani, Maiman na msaidizi wake walipandisha umeme kidogo kidogo, mmweko baada ya mmweko. Volti zilipopita 900, mwanga mwekundu wa nanometa 694 ulichomoka.

Kila urefu wa wimbi una vifaa vyake. Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake walikuwa wamekuza mawimbi ya maikro, ya zaidi kidogo ya sentimita 1, kwa gesi ya amonia. Kilichoyarudisha ndani ni kisanduku cha metali. Leza ya kabonidioksaidi hutoa infraredi ya mikrometa 10.6, ambayo kioo cha kawaida huimeza, kwa hiyo lenzi zake huchongwa kwa zinki selenidi.

Eksirei hazikuwa na kioo cha kuzirudisha. Katika maabara ya SLAC, California, mwaka 2009, elektroni zilipita mara moja tu kati ya sumaku zilizopangwa kwa zaidi ya mita 100, zikiyumba kushoto na kulia, mwanga ukikua njiani. Mstari wa sumaku hizo ulinyooshwa kwa usahihi wa mikroni chache, chini ya unene wa unywele. Malibu zilisawazishwa sentimita 2; hapa, urefu wa uwanja wa mpira.