Baridi Inayopokewa kwa Kipimo

Stroberi haiwi tamu bila baridi, na hakuna kinachoimaliza upesi kama baridi. Mkulima wa Keumbu anayeipanda anajitia kati ya mambo hayo mawili, na ufundi wake wote ni kujua baridi ipi aikaribishe na ipi aizuie. Nausifu ufundi huo kwa moyo wote, kwa sababu umezoeleka kuhesabiwa kazi ndogo ya nyuma ya nyumba, kitu cha kina mama na watoto wakitoka shule, ilhali unadai macho na maarifa mengi kuliko kazi nyingi zinazotolewa vyeti.

Keumbu imekaa kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, kwenye miinuko inayopita mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msafiri huikumbuka kwa ndizi: mikungu iliyopangwa ukingoni mwa lami, lori likipakia, bei zikipigiwa kelele. Nyuma ya ndizi hizo kuna mashamba yaliyogawanywa kutoka baba hadi mwana mpaka yakabaki vipande. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba ya Kaunti ya Kisii. Mahali kama hapo, mmea unaozaa kwenye tuta la hatua chache, au kwenye gunia lililosimamishwa ukutani na kutobolewa mashimo ya miche, una heshima yake. Chai inataka ekari. Stroberi inataka mtu aliye karibu.

Nianze na baridi iliyo njema. Aina kama Chandler hutunga maua siku zikiwa fupi na hewa ikiwa na ubaridi. Ulaya huingoja hali hiyo kwa msimu; sisi tulio kando ya ikweta tuna mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na usiku wa hapa Gusii, milima ya Kisii, haukosi ubaridi. Kwa hiyo mche wetu hauambiwi na jua lini upumzike. Unachanua, unazaa, unachanua tena. Ubaridi huo pia hulichelewesha tunda kuiva, na tunda lililocheleweshwa hupata muda wa kujaza sukari. Teremka hadi Kisumu uone joto linavyoliivisha kwa pupa.

Jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, ni adui wa Kinangop na Kericho kuliko wetu. Januari 2012 iliunguza chai ya Kericho na Nandi, mashamba yakageuka rangi ya kahawia. Hata hivyo mkulima wa miinuko haidharau. Usiku ambao mbingu ziko wazi, bila wingu wala upepo, ardhi huachia joto lake lipande juu, na baridi hutuama mabondeni. Ua la stroberi lililofunuka hufa likipoa hadi kama nyuzi moja chini ya sifuri. Wala halianguki. Petali hubaki nyeupe, ila kitovu chake cha manjano huwa cheusi, na kitovu hicho ndicho kingekuwa tunda. Mtu asiyejua hupita akayasifu maua mazuri ambayo tayari ni maiti.

Dawa yake ni kufunika, na kufunika kuna saa yake. Gunia au kitambaa chepesi kilichotandwa juu ya fito zilizopindwa kinafaa kiwekwe kabla jua halijazama, kwa kuwa kinachofunikwa hasa ni joto ambalo udongo umelikusanya mchana. Anayekumbuka saa sita usiku hufunika ubaridi pamoja na mmea. Asubuhi napo kuna saa ya kufunua, na hapa ndipo ninapomvulia kofia mkulima makini. Kila mbegu inayoonekana juu ya ngozi ya stroberi lazima ichavushwe ndipo nyama iliyo chini yake ijae. Nyuki hawaruki kukiwa na baridi kali. Hungoja jua lipande kidogo, na wakikuta ua limefunikwa huenda zao. Mbegu zilizokosa nyuki huacha shimo, na tunda hutoka limepinda, shavu moja nene na jingine limekauka. Takriban mwezi mmoja baadaye, mchumaji anayejua kusoma huiangalia stroberi usoni akatambua wiki ambayo mtu alichelewa kufunua.

Lakini baridi ya Keumbu hasa huja na maji. Mvuke wa Ziwa Victoria hupanda alasiri, ukakutana na hewa ya milimani, mawingu yakajikusanya meusi, na mara nyingine yakamwaga mvua ya mawe. Ukanda huu unasifika kwa mawe hayo kuliko pengi duniani. Huko Kericho, miaka ya 1960 na 1970, ndege zilitumwa kupanda dawa mawinguni ili kuiokoa chai. Mwenye matuta mawili ya stroberi hana ndege. Ana nguzo, waya na neti. Neti iliyotandwa tambarare hujaa mawe ikabomoka, kwa hiyo huinamishwa upande mmoja ili mawe yateleze na kuanguka mtaroni. Matundu yake yawe madogo kulizuia jiwe, makubwa kumpitisha nyuki. Nimeona neti za gharama zilizokosea kipimo hicho, chini yake majani ya kupendeza na matunda yaliyopinda.

Baada ya mvua huja kuvu ya kijivu, na huyu ndiye mwizi mwenye subira. Huingia mmeani wakati wa ua, akalala ndani ya tunda bichi bila dalili, kisha akaamka sukari inapopanda. Kinachomshinda ni hewa. Miche isisongamane, majani makuukuu yaondolewe, maji yaingie mizizini asubuhi bila kulowesha majani. Mche upandwe moyo wake ukiwa sawasawa na uso wa udongo: ukizama huoza, ukiinuka mizizi hukauka. Na tunda lililooza liokotwe kwa mkono mmoja, zima likichumwa kwa mwingine, kwani kidole kilichogusa kuvu hupanda kuvu.

Matandazo ndiyo yananifurahisha zaidi katika somo hili, kwa jinsi yanavyokataa jibu rahisi. Majani makavu ya mgomba yako tele Keumbu. Yakitandazwa chini ya stroberi, tunda halilali matopeni, mvua hairushi udongo juu yake, na magugu hukosa mwanga. Ila majani yaleyale huwa kitanda cha koa, konokono asiye na nyumba, ambaye hutoka usiku na kutoboa tunda lililoiva siku ileile ya kuchumwa. Wapo wanaoacha kutandaza kwa hofu yake, nami naona wanakosea. Bora kutandaza kwa wembamba, mbali kidogo na moyo wa mche, kisha kulaza vipande vya shina la mgomba kati ya matuta. Koa hukimbilia ubichi wake. Alfajiri vipande hugeuzwa, wakaokotwa, wakapewa bata. Jivu husaidia likiwa kavu tu, na katika nchi ya mvua nyingi kama hii halikauki muda mrefu.

Kuhusu wadudu, Gusii haianzi kujifunza leo. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na wakulima wa milima hii waliichuma kizazi baada ya kizazi, wakati Kenya ikiwa muuzaji mkuu wa pareto duniani. Ua lile jeupe lina sumu inayomwangusha mdudu kwa dakika, nalo, kama stroberi, linahitaji usiku wa baridi ili litunge. Walichuma maua, wakayakausha, wakayapeleka mbali; kisha wengi wakachoka kungoja malipo na kung'oa. Mistari michache ya pareto kando ya tuta la stroberi ingeurudisha urithi huo mahali pake. Dawa yake hushika vidukari vizuri, na mwanga wa jua huiharibu upesi, jambo linalomfaa mla tunda. Inyunyizwe jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, tena mbali na kijito, kwa kuwa huwaua nyuki na samaki vilevile.

Utitiri haushituki sana kwa pareto. Huja Januari na Februari, vumbi la barabara likitanda juu ya majani, ukasokota utando wake upande wa chini ambako macho mavivu hayafiki. Geuza jani. Hakuna ushauri mwingine ulio mfupi na wenye faida kiasi hicho. Maji yaliyopigwa kutoka chini huupunguza, naye yuko utitiri mwenzake, mwekundu, mwepesi, anayeula. Aliingia Ujerumani katika miaka ya 1950 juu ya okidi zilizotoka Chile. Na Chile hiyohiyo ndiko Mfaransa Amédée-François Frézier alikoitoa stroberi yenye matunda makubwa, akafika nayo Ufaransa mwaka 1714, ikachanganyika na ndugu yake wa Amerika Kaskazini, na kutokana na ndoa hiyo ikazaliwa hii tunayokula. Nafarijika kuwaza kwamba mmea na mlinzi wake, kila mmoja kwa njia yake, walivuka bahari wakakutana tena kwenye bustani za watu.

Adui wengine ni kuzumburu, wale ndege wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi; dawa yao ni neti tu. Ivutwe mpaka chini na kingo zizikwe, la sivyo watapenya.

Hatimaye ni vitawi. Stroberi hutambaa, ikashusha mizizi, na kila kitawi ni mche mpya wa bure, na jirani akipita hukosi kumpa. Hapo ulinzi huwa wa kijiji kizima, kwani utitiri, vidukari na magonjwa husafiri na zawadi. Mkulima ninayemsifu hachukui kitawi kwa mama mchovu aliyekwisha kuzaa sana. Huteua mama wawili au watatu tangu mwanzo, huwakata maua wasizae, huyaangalia majani yao juu na chini, na vitawi vyao huviosha mizizi, akavitenga kwenye kituta cha pembeni kwa majuma kadhaa kabla ya kuviachia. Jirani huona ni uchoyo wa kuchelewesha. Amwambie tu: omong'ina, mama yangu, ngoja majani matatu mapya yatoke, tuyageuze pamoja, ndipo ubebe.