Mnara wa Pisa haukuvutwa, ulichimbwa

Kila mwanafunzi wa fizikia hukaririshwa kanuni hii: kitu husimama madamu mstari wa wima unaoshuka kutoka kwenye kitovu chake cha uzito unaangukia ndani ya kitako chake. Mstari ukitoka nje, kitu hupinduka. Tuipeleke kanuni hiyo Pisa, Italia, tuone inatufikisha wapi.

Mwaka 1990 mnara wa Pisa ulikuwa umeinama kuelekea kusini kwa takriban nyuzi 5.5. Kimo chake kutoka chini ya msingi ni kama mita 58, una uzito wa tani 14,500 hivi, na msingi wake ni duara lenye kipenyo cha mita 19.6. Kitovu chake cha uzito kiko karibu mita 23 juu ya msingi. Kama mwashi angeweza kushusha timazi kutoka hapo, ingegusa msingi mita 2.3 tu kusini mwa katikati, ilhali ukingo uko mita 9.8. Kwa hesabu ya darasani, mnara ungeweza kuinama mara nne zaidi ndipo uanguke.

Hata hivyo, Januari mwaka huo ulifungwa kwa wageni, na wahandisi waliokabidhiwa kazi walisema uko ukingoni mwa kuanguka. Si kwamba kanuni ni ya uongo. Kanuni inachukulia kwamba sakafu ni ngumu kama meza ya maabara, na Pisa haina sakafu ya namna hiyo. Chini ya mnara kuna mita 10 hivi za matope na mchanga ulioletwa na mto na bahari, kisha udongo laini wa mfinyanzi hadi kina cha mita 40 ndipo mchanga mgumu uanze. Mnara mzima umezama karibu mita 3.

Tuangalie kani zilivyogawanyika chini ya msingi. Tani 14,500 zikisambazwa sawasawa, kila mita ya mraba inabeba tani 50 hivi. Lakini uzito umesogea mita 2.3 kusini, kwa hiyo mgawo si sawa. Ukipiga hesabu ya kanieneo chini ya duara lenye mzigo uliosogea pembeni, unapata kwamba ukingo wa kusini ulibeba karibu tani 100 kwa kila mita ya mraba, na ule wa kaskazini karibu na sifuri. Upande mmoja wa ardhi ulielemewa, wa pili haukuwa na kazi. Mnara ukiinama kidogo zaidi, uzito husogea kusini zaidi. Uzito ukisogea, udongo wa kusini hubonyea zaidi. Ukibonyea, mnara huinama tena.

Hapo ndipo msawazo unapoamuliwa. Momenti mbili zinashindana. Ya kwanza ni ile ya kupindua, yaani uzito mara umbali wa timazi kutoka katikati: 14,500 mara 2.3, takriban tani-mita 33,000. Ya pili ni ile ya udongo, unaokataa kubonyezwa. Zote mbili hukua mnara unapoinama. Ya udongo ikikua haraka kuliko ya kupindua, mnara hutulia. Zikikua kwa kasi moja, upepo au mvua kubwa yatosha kuamua. Jaribu mwenyewe kwa visanduku vya kiberiti: vipange kimoja juu ya kingine mezani, kisha rudia juu ya sponji. Juu ya sponji rundo litaanguka likiwa fupi zaidi, hata ukilipanga kwa uangalifu ule ule, kwa sababu kinacholiangusha ni ulaini wa kitu kilicho chini yake.

Ukilielewa hilo, historia ya mnara inasomeka vizuri zaidi. Ujenzi ulianza 1173, ukasimama mwaka 1178 hivi baada ya ghorofa chache, ukaendelea 1272, ukasimama tena, na chumba cha kengele kikakamilika katika karne ya 14. Kama wajenzi wangeunganisha kazi bila kupumzika, mnara ungeanguka kabla ya kwisha. Katika miaka ile ya kungoja, uzito uliokwisha kujengwa ulikamua maji taratibu kutoka kwenye mfinyanzi, udongo ukashikamana na kupata nguvu ya kubeba ghorofa zilizofuata. Wajenzi nao waliona mnara unaegemea, wakawa wanarekebisha kila walipoendelea kupanda. Ndiyo maana umepinda kidogo kama ndizi.

Waliokuja baadaye walishika palipo na udhaifu bila kujua. Mwaka 1838 mbunifu Alessandro Gherardesca alichimba njia kuzunguka kitako ili nguzo zilizozama zionekane. Mnara ukainama zaidi. Mwaka 1934 mamia ya matundu yalitobolewa kwenye msingi na kujazwa saruji kwa nia ya kuuimarisha, ukainama tena. Juhudi zote hizo ziligusa udongo uliokuwa tayari umeelemewa.

Kamati iliyoundwa 1990 chini ya Michele Jamiolkowski, akiwamo John Burland wa Imperial College ya London, ilianza na huduma ya kwanza. Nyaya za chuma zilifungwa kuzunguka ghorofa za chini ili mawe ya upande wa kusini yasipasuke. Kisha mwaka 1993 pete ya zege ilijengwa kuzunguka kitako, na vipande vya risasi vyenye uzito wa tani 600 hivi vikapangwa juu yake upande wa kaskazini. Ni mzani wa kawaida: tani 600, kwa mkono wa kama mita 6, zinatoa momenti ya tani-mita 3,600, kinyume na zile 33,000. Ni kiasi cha asilimia 10 tu, lakini mnara ulirudi nyuma kidogo kuelekea kaskazini. Kwa wahandisi huo ulikuwa ushahidi kwamba udongo unaitika.

Jaribio lililofuata nusura livuruge kila kitu. Risasi ilionekana mbaya machoni, hivyo ikapangwa iondolewe na badala yake mnara ushikwe kwa nyaya zilizotiwa nanga kwenye mchanga mgumu wa chini. Ili kuchimba bila maji kuingia, mwaka 1995 udongo uligandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Mnara ukaanza kwenda kusini kwa kasi isiyo ya kawaida. Kazi ilisimamishwa na risasi zaidi ikarundikwa haraka, hadi jumla ikapita tani 800. Mpango wa nanga ukaachwa.

Njia iliyofaulu ilikuwa imependekezwa na mhandisi Fernando Terracina tangu 1962. Ikiwa kusini kumezama kuliko kaskazini, usihangaike kuinua kusini; shusha kaskazini. Mabomba 41 yaliingizwa kwa mshazari chini ya upande wa kaskazini, na ndani ya kila bomba keekee ilizunguka ikitoa udongo kidogo kidogo. Kila tundu lililobaki lilijifunga lenyewe kwa uzito wa juu, na msingi ukashuka kwa kadiri hiyo. Kwanza, mwaka 1999, walijaribu kwa mabomba machache. Mnara ulipoonyesha utii, kazi kamili ikafanyika kuanzia 2000 hadi 2001. Vipimo vya mwinamo vilisomwa kila siku kabla ya kuamua udongo wa kesho utolewe wapi na kiasi gani, na nyaya za tahadhari zilifungwa mnarani endapo ungeyumba. Kwa jumla zilitolewa mita za ujazo 38 hivi, mzigo wa malori machache ya mchanga.

Mnara ulirudi nyuma nusu nyuzi, na kilele kikasogea zaidi ya sentimita 40 kuelekea kaskazini. Kwa macho huoni tofauti. Kwa fizikia tofauti ni kubwa: timazi sasa ingeangukia mita 2.1 badala ya 2.3 kutoka katikati, momenti ya kupindua ikapungua karibu asilimia 10, na ukingo wa kaskazini ukaanza tena kubeba mzigo. Hicho ndicho kiasi kilichokuwa kikitolewa na zile tani 600 za mwanzo. Kwa hiyo risasi iliondolewa, na wageni wakaruhusiwa kupanda tena Desemba 2001.

Wahandisi wangeweza kuendelea kuchimba. Waliacha kwa sababu mnara ulionyooka usingekuwa tena mnara wa Pisa, na nusu nyuzi ilitosha kuipa momenti ya udongo ushindi. Kwa mwanafunzi, somo ni hili: unapochora kitu na kuweka mshale wa uzito kwenye kitovu chake, usimalizie mchoro kwenye kitako. Chora pia mishale ya ardhi inayokibeba, mirefu kwa mifupi, kisha jiulize mshale upi utakuwa wa kwanza kuishiwa nguvu.