Sifa za Deraya Iliyozindikwa

Katika michezo mingi ya kompyuta ya njozi, deraya ni kitu cha kuokota. Unamuua adui, unafungua sanduku, unavaa ulichokikuta, safari inaendelea. Mfululizo wa The Elder Scrolls, ulioanzishwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 1994 kwa mchezo wa Arena, nao una masanduku ya aina hiyo tele. Lakini watengenezaji wake walikwenda mbali zaidi. Walimkabidhi mchezaji nyundo, wakamwonyesha meza ya uzindiko, ambako vazi hutiwa nguvu za kichawi, kisha wakamdai malipo kwa kila kinga anayojitengenezea. Nimekuja kuyasifu malipo hayo, maana ndiyo yaliyoifanya kazi hii iitwe ufundi.

Tuanze na Skyrim, mchezo uliotoka Novemba 2011. Ukishapita lango la mji wa Whiterun unakutana na kiwanda cha mhunzi Adrianne Avenicci. Ukimwomba akufundishe kazi, hakuanzishi na upanga wa kifahari. Anakupa vifaa vya kufua jambia la chuma, anakupeleka kwenye kinoo ulitie makali, halafu anakuhamishia kwenye ngozi, ukate mikanda na ushone chapeo. Kila kitu kina kanuni yake. Mtapo wa chuma peke yake unatoa chuma cha kawaida tu. Anayetaka pua lazima auyeyushe pamoja na mtapo wa korandamu. Mkono nao unakomaa kwa kufanya kazi, kwa hiyo anayefua sana ndiye anayejua sana. Deraya ya Kidaedra, ile nyeusi yenye miiba, haifuliwi mpaka ujuzi wako wa uhunzi ufike 90. Hata hapo inadai mikuo ya eboni na moyo wa Daedra, kiumbe wa ulimwengu mwingine ambaye hautoi moyo wake kwa hiari.

Hapo deraya imekamilika kama chuma, lakini bado haijazindikwa. Panda ngazi hadi jumba la Dragonsreach, juu kabisa ya mji. Pembeni mwa ukumbi mkuu, katika chumba cha mchawi Farengar, ipo meza ya uzindiko. Hapo ndipo penye sharti ambalo kwangu ni fikra bora kuliko zote katika mchezo huu: huwezi kujifunza zindiko lolote mpaka ukiangamize kitu ambacho tayari kimezindikwa. Tuseme umezipata pangoni buti zinazonyamazisha nyayo. Una njia mbili. Unaweza kuzivaa leo ukanyata nazo mpaka mwisho wa mchezo. Au unaziweka mezani, zinateketea mbele ya macho yako, nawe unabaki na siri yake, uitie katika buti zozote utakazofua baadaye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchezaji anasimama pale meza ikimulika, anapima faida ya leo na ujuzi wa kesho, na uamuzi ni wake peke yake.

Akishaamua, masharti hayajaisha. Kila kipande cha deraya kinapokea zindiko moja tu, hadi ujuzi wa uzindiko utimie 100, ndipo mlango wa kutia mazindiko mawili unapofunguka. Likishatiwa, halibadilishwi wala haliondolewi. Upanga uliozindikwa hupungukiwa nguvu kwa kila pigo na hauna budi kujazwa tena; deraya yenyewe haichoki, hivyo kosa lililofanywa mezani utatembea nalo mwilini. Na kabla ya kumaliza unaruhusiwa kuandika jina la kazi yako. Wachezaji hulitumia vizuri tendo hilo dogo. Dirii ya pua iliyoitwa jina na aliyeifua haiuzwi kirahisi, hata siku inapopatikana iliyo bora kuliko hiyo.

Ufundi huu haukuanza na Skyrim. Katika Morrowind ya mwaka 2002, mchezaji alivaa deraya kipande kwa kipande, hata bamba la bega la kushoto lilivaliwa mbali na la kulia. Aliyetaka zindiko lifanye kazi daima alihitaji kulilisha roho ya kiumbe iliyonaswa, yenye nguvu isiyopungua 400, kama ile ya Golden Saint, kiumbe wa kivita wa kumwogopa kwelikweli. Lakini mfano ninaoupenda zaidi katika mchezo huo ni jozi ya buti. Ukiwa pande za Caldera unakutana na mfanyabiashara aitwaye Pemenie, anayekuomba umsindikize hadi Gnaar Mok. Ukimfikisha salama anakulipa kwa Buti za Kasi Ipofushayo. Unazivaa, kasi yako inaongezeka pointi 200, unakuwa upepo. Papo hapo skrini inakuwa giza totoro, kwa sababu buti hizohizo zimezindikwa upofu kamili. Penye urembo ndipo penye urimbo.

Mtu mvivu angezitupa buti hizo. Fundi huzikalia akafikiri. Upofu ule ni sihiri, na sihiri ina kinga yake. Watu wa kabila la Breton huzaliwa na nusu ya kinga hiyo, na nusu iliyobaki hupatikana kwa sihiri nyingine, hata kama ni ya kudumu sekunde chache. Ikiwa imekamilika wakati mguu unaingia kwenye buti, upofu hukosa pa kushika, na hata kinga ikishaisha hauji tena. Mbio zinabaki, macho yanaona. Mtengenezaji aliweka fumbo ndani ya kiatu, akamwamini mchezaji kwamba atalifumbua.

Tazama sasa kinachotokea malipo yanapokosekana. Katika Oblivion ya mwaka 2006, mawe ya nguvu yaliyopatikana ndani ya malango ya ulimwengu wa Oblivion yaliweza kutia kwenye vazi asilimia 20 ya kujificha kama kinyonga. Vipande vitano vikaleta asilimia 100. Aliyevivaa hakuonekana na yeyote hata alipokuwa akipiga. Maadui walisimama wakifa bila kujua wanapigwa na nani. Lakini furaha ya kwanza ilikufa haraka, kwa sababu kinga isiyo na mpaka inaua mchezo wenyewe. Skyrim ikaja na dawa: kwanza zindiko hilo halimo tena, pili deraya, hata ifuliwe vipi, haizuii zaidi ya asilimia 80 ya pigo. Asilimia 20 zilizobaki ndizo zinazomfanya mchezaji aendelee kuinua ngao.

Malipo makubwa kuliko yote ni roho. Hakuna zindiko bila kito cha roho kilichojaa, na kito hujazwa kwa kumpiga kiumbe sihiri ya kunasa roho kabla hajakata kamba. Panya aitwaye skeever hujaza kito kidogo kabisa. Mamothi hujaza kikubwa. Roho ya mtu huingia katika kito cheusi pekee, na ina nguvu sawa na ya mamothi. Wachezaji wengi walivitumia vito hivyo vyeusi bila kufikiri mara mbili. Ndipo mwaka 2012 nyongeza iitwayo Dawnguard ikawafungulia njia ya kwenda Soul Cairn, nchi ya kijivu ambako roho zilizotumika kuzindika hupelekwa. Wenye roho hizo wanazunguka humo bila pumziko. Mmoja wao bado anamtafuta Arvak, farasi wake, na anakuomba umsaidie kumpata. Unasimama mbele yake ukiwa umevaa deraya yako uliyoipa jina, unajua ilitengenezwa kwa kitu gani.

Kwangu huo ndio upeo wa kazi ya wabunifu hawa. Walijenga uhunzi wenye kanuni, wakaufanya udai subira na akili, kisha wakamwonyesha mhunzi bei kamili ya alichokitengeneza. Nawe msomaji, kama hujawahi kucheza, anza na Skyrim, na usiridhike na deraya za kuokota. Nenda kwa Adrianne, fua yako mwenyewe, uangamize kitu unachokipenda ili ujifunze siri yake. Ukikipata kito cha roho kiitwacho Nyota ya Azura, ambayo hainasi roho za watu na haivunjiki inapotumika, irudishe kwa Azura mwenyewe, Daedra mwenye nyota hiyo. Usimpe mchawi Nelacar aigeuze kuwa nyeusi, inase roho za watu. Mamothi mmoja anatosha kuzindika dirii bora kabisa. Vito vyeusi viache dukani.